Ufa wa Ghorofa ya Tatu

Siku Fidencio Tapia alipomwona doña Otilia Barragán kwa mara ya kwanza, bibi huyo alikuwa na pini sita mdomoni na hakuzitoa hata alipofungua mlango. Alimtazama mgeni kuanzia kofia mpaka viatu, akaitazama ndoo ya rangi, akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni na stendi yake ya miguu mitatu, kisha akauachia mlango kidogo tu, upenyo wa mtu mwembamba kupita ubavu ubavu.

"Wa ufa?" aliuliza, pini zikicheza.

Fidencio aliitikia kwa kichwa.

"Una sauti au umekuja na kamera tu?"

"Ninayo, doña."

"Basi iingize nayo ndani, usiiache kwenye ngazi. Ngazi zenyewe zimeshikiliwa na magogo."

Ilikuwa kweli. Jengo lile la ghorofa nne, katika mtaa wa Guerrero, lilikuwa limeegemea upande mmoja tangu tetemeko la Septemba ya mwaka juzi, kama mtu aliyechoka kusimama foleni. Chini walikuwa wameliwekea magogo ya kulitegemeza, na juu watu waliendelea kupika, kuoga na kugombana kama kawaida. Ufa mkubwa kuliko zote ulikuwa kwa doña Otilia. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba chake cha kushonea, ukashuka mshazari mpaka sakafuni, na ulikuwa umepenya ukuta mzima ukatokea upande wa pili, jikoni, nyuma ya kabati la vyombo.

Fidencio alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shule aliachia darasa la sita, akaenda na mjomba wake kwenye ujenzi, na huko alijifunza lipu na rangi. Kusema hakujifunza. Kwenye kazi wenzake walizoea kumsahau hata wakiwa naye chumba kilekile. Injinia Maricruz Quintanar wa maabara ya majengo ndiye aliyemchukua, kwa sababu moja tu: alimwona siku moja anarusha rangi kwa brashi ngumu, akapenda vile vidoa vinavyotua.

Maana kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kuuambukiza ukuta tetekuwanga. Kwanza unaupaka rangi nyeupe isiyong'aa. Ikikauka unachovya brashi kwenye nyeusi, unaikwangua kwa kidole gumba, na vidoa vinaruka, vidogo kama punje za ufuta, maelfu kwa maelfu, pasiwe na mahali pawili panapofanana. Halafu unafunga bamba la chuma sakafuni kwa skrubu, kamera inakaa juu yake, na kila Alhamisi saa nne asubuhi unapiga picha za ukuta uleule kutoka mahali palepale.

Doña Otilia alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake, akasimama nyuma ya fundi akiwa amekunja mikono.

"Mwanangu, nimeishi na ukuta huu miaka arobaini. Hata panya walipokuwa wanazaa humu haukuwahi kuwa mchafu hivi."

"Lazima viwe hovyo, doña. Vikipangika, kompyuta inapotea."

"Inapoteaje? Si ndiyo mashine yenye akili?"

Fidencio aliiweka brashi chini. Jambo hili alikuwa analielewa, na mtu mwenye haya akiulizwa jambo analolielewa huwa anafunguka kabla hajajikumbuka. Alimwambia kwamba kila kipande cha ukuta, hata kiwe kidogo kama ukucha, sasa kina sura yake kwa sababu ya vidoa vyake. Kompyuta inaishika ile sura. Wiki ijayo inaitafuta: iko wapi? Ikiwa imesogea hata theluthi ya unywele, inajua, na inajua imesogea kuelekea wapi. Sura za upande huu wa ufa na za upande ule zikianza kuachana, basi ufa unafunguka.

"Na sura yangu? Nayo itaishika?"

"Wewe utakuwa nje ya picha, doña."

"Nje," alisema bibi, akalirudia polepole kama anaonja chumvi ya mchuzi. "Haya. Endelea kuchafua."

Mafundi wa mji ule husema kuna ufa mfu na ufa hai. Ufa mfu ni kovu, unauziba, unapaka rangi, unasahau. Ufa hai maana yake jengo bado linakwenda. Ofisi ya jiji ilikuwa imewaandikia wakazi karatasi, na wote wakasaini: ufa wa ghorofa ya tatu ukifunguka milimita mbili ndani ya miezi sita, vipimo visikatike, jengo litatangazwa kwamba halikaliki na kila aliye kwenye orodha atapewa nyumba mahali pengine. Usipofika mbili, utapigwa lipu, magogo yatatolewa, na watu wataendelea kukaa. Ukuta ule mmoja ndio uliokuwa shahidi wa jengo zima.

"Na wewe unauombea nini, doña?" Fidencio aliuliza wakati anafunga vifaa vyake. Mwenyewe alishangaa kwamba ameuliza.

"Mimi? Nauombea uzima. Uzima na nguvu za mwili."

Alhamisi zilipofuatana ndipo Fidencio alipoelewa kwa nini. Alikuwa hamhoji. Alikuwa anapiga picha zake, ananywa kahawa ya mdalasini aliyowekewa kwenye kona ya meza ya cherehani, na bibi anaongea huku anashona. Alishona magauni ya mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, yale yanayovimba kama keki, kwa ajili ya maduka ya Lagunilla. Vitambaa vilipanda kwa kikapu chenye kamba kupitia dirishani, na magauni yalishuka kwa kikapu hichohicho. Mboga, dawa, sabuni, vyote vilipita humo. Aliyekuwa chini akijaza kikapu ni Lencha, jirani mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hakuuza chochote.

"Doña! Nyanya zimeisha, nikuwekee mume?"

"Weka, lakini awe mwepesi, kamba ya zamani hii!"

"Mwepesi ndiyo hao wanaokimbia!"

"Basi mfunge miguu kwanza!"

Kisha bibi angefunga dirisha, na kicheko kingebaki usoni kwa muda kidogo, kikaondoka.

Hakuwa ameshuka ngazi kwa mwaka mzima. Miguu yake ilikuwa mizima. Nyumba aliinunua marehemu baba yao kwa ajili ya watoto wote watatu: Otilia, kaka yao aliyevuka mpaka kwenda kaskazini, na Amparo aliyeolewa Toluca na ana vijana watatu. Baada ya tetemeko ofisi ilitangaza kwamba nyumba itakayokutwa tupu, haki yake imekufa. Na hata ofisi isipokuja, wapo wengine. Mkazi wa namba tisa alikwenda kumzika mama yake, siku mbili tu, akarudi akakuta kufuli jipya mlangoni na watu asiowajua wanakaanga vitunguu ndani. Basi familia ilikaa, ikaulizana nani abaki. Amparo ana watoto. Kaka yuko mbali. Otilia hakuolewa.

"Hawakupiga hata kura," alimwambia Fidencio. "Walinigeukia wote kwa pamoja, kama watu wanaotafuta swichi ya taa."

Kila Jumapili Amparo alipiga simu. Vumilia, dada. Kwa ajili ya watoto, dada. Ukiondoka wewe, baba atakuwa amefanya kazi bure. Mwanzoni doña Otilia alikuwa anajiibia nusu saa, anashuka kununua mkate. Halafu akawa anafika ngazi ya ghorofa ya pili tu na kurudi mbio, moyo unampiga, akiwaza kitasa kinazungushwa. Halafu akaacha. Akiwa msalani aliacha mlango wazi ili asikie. Akioga, alioga haraka.

"Watu wana kufuli la chuma," alisema. "Amparo ana mimi."

Fidencio aliinua kikombe chake. Alikunywa kahawa. Lakini tangu siku hiyo, akimaliza picha, alianza kukaa dakika kumi zaidi, na alipokuwa anakaa, bibi alikwenda kuoga kwa utulivu, kwa sababu kulikuwa na mtu ndani.

Injinia Quintanar alikuwa amemkataza jambo moja: kuwaambia wakazi namba. Wakazi wakijua namba, alisema, kila mmoja anakuwa injinia. Fidencio alilishika hilo mpaka mwanzoni mwa Juni. Bibi alikuwa na kawaida ya kumuuliza akifika, "Mgonjwa wetu kaamkaje?" na yeye kujibu, "Yupo, doña." Siku hiyo bibi hakuuliza. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani bila kushona, mikono mapajani. Amparo alikuwa amempigia akamwambia kwamba hata ufa ukionekana mfu si neno, anaweza kuendelea kukaa, mbona amezoea.

Na Fidencio, aliyekuwa hajui kumfariji mtu, akampa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Umefika tatu, doña."

"Tatu nini?"

"Sehemu tatu za kumi za milimita."

"Na zinatakiwa mbili nzima." Aliitazama picha ya baba yake ukutani, halafu akautazama ufa. "Miezi miwili, tatu. Kwa hesabu hiyo mwezi wa kumi tutakuwa kwenye moja, na hata hiyo moja haijatimia."

"Mvua ndiyo kwanza inaanza. Ardhi ikinywa maji, mambo yanabadilika."

"Yanabadilika," alisema bibi. "Ndiyo. Maji hubadilisha mambo."

Julai ufa uliamka. Alhamisi ya kwanza ulikuwa umeongeza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu ukaruka. Mwishoni mwa Agosti ulikuwa umefika milimita moja na sehemu sita za kumi. Doña Otilia alianza kuimba anaposhona. Aliuliza bei za vyumba mitaa mingine, akauliza kama ni kweli kule kuna miti, akamwambia Lencha kwa sauti ya jengo zima kwamba akihama atamwachia kamba, na Lencha akajibu kwamba ataitumia kumnyonga mume wake wa kwanza, wa pili atamwacha hai. Fidencio naye alifurahi, kwa namna yake, yaani alipiga mluzi njia nzima mpaka maabara.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti injinia alimwita mezani kwake. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwepesi, mtu wa kutafuna embe kavu la pilipili saa zote.

"Don Fide, njoo uone kitu."

Kwenye kompyuta kulikuwa na ukuta wa doña Otilia, lakini umepakwa rangi za programu: bluu pale palipotulia, njano pale panaposumbuka, nyekundu pale panapovutwa. Fidencio alikwishaona picha za namna hiyo nyingi. Jengo likizama, wekundu hukaa kama mto, mpana juu, ukipungua kwenda chini. Huu haukuwa mto. Yalikuwa mabaka manne mekundu ya mviringo, moja chini ya jingine, yameachana kwa umbali sawa, juu ya ufa.

"Unaona nini?"

"Vifungo," alisema Fidencio.

"Vifungo. Vifungo vinne vya shati." Injinia alilamba pilipili kidoleni. "Na jengo halivai shati, don Fide. Kuna kitu kinaubanua ufa kutoka upande wa pili. Umewahi kuingia jikoni kwake?"

"Nanywea kahawa chumbani."

"Alhamisi ijayo ingia. Sitaki kwenda mwenyewe. Nikienda mimi itabidi niandike palepale."

Wiki ile Fidencio hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alhamisi alipiga picha zake, akanywa kahawa yote mpaka mdalasini wa chini, akakiweka kikombe. Doña Otilia alikuwa anashona utepe kwenye gauni la waridi.

"Doña, naomba nisogeze kabati la jikoni."

Cherehani ilisimama.

"Kabati zito hilo."

"Nitaweza."

"Lina vyombo vya mama yangu."

"Nitavitoa kimoja kimoja."

Akavitoa kimoja kimoja. Sahani kumi na moja, vikombe vya udongo, sufuria la maharage, bakuli lenye mpini ulioungwa kwa gundi. Alivipanga sakafuni kwa utaratibu, na bibi hakumsaidia wala hakumzuia. Kisha akalisukuma kabati kwa bega.

Nyuma yake ufa ulikuwa na meno. Kabari nne za mti, ndefu kama kiganja, zimepigwa ndani yake kuanzia juu hadi chini, nyeusi kwa unyevu. Lipu pembeni ilikuwa imepondwapondwa. Kwenye msumari, karibu na kabari ya juu, kilining'inia kile kichupa cha kunyunyizia maji ambacho washonaji hulowesha nacho nguo kabla ya kupiga pasi.

"Mwaloni," alisema doña Otilia kutoka mlangoni. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyekamatwa. Ilikuwa karibu na ya mtu anayejisifu. "Miguu ya kiti cha baba. Alikuwa mkata mawe Huichapan, ulijua? Unamwonyesha jiwe kubwa kama basi. Hana baruti, hana mashine. Anatoboa matundu, anapiga kabari kavu za mwaloni, anazimwagia maji, anakwenda zake kula. Akirudi, jiwe limegawanyika kama mkate. Mti unakunywa, unanenepa, hauna haraka. Na mimi, fundi, haraka ya nini? Sina pa kwenda."

"Ukuta ungekuangukia."

"Basi ningetoka. Nimebebwa maiti, miguu mbele, lakini ningetoka."

Fidencio alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilibidi aseme.

"Doña, ulisaini karatasi. Atakayegusa ukuta wa vipimo, jina lake linafutwa kwenye orodha."

"Najua kusoma."

"Injinia ameshaona. Si wewe, ameona kabari. Kompyuta imeziona kupitia ukutani."

Bibi aliyageuza macho chumbani, kwenye vidoa, kana kwamba ndiyo kwanza anatambua kwamba vile vidoa ni macho. Kisha akauliza, taratibu:

"Na aliyefutwa, wanamfanyaje?"

"Wanamtoa. Ndani ya siku tatu. Hapati nyumba nyingine, wala ndugu zake hawapati. Mikono mitupu."

"Siku tatu."

"Tatu, doña."

"Hata mtu wa Toluca asingepata nafasi ya kubishana," alisema. Vidole vyake vilikuwa vinauviringisha na kuuviringua utepe wa waridi aliokuja nao mkononi, na Fidencio, alipoviona, alidhani ni hofu.

Alisimama ili afanye kitu. Akashika koleo, akaibana kabari ya juu aivute, na karibu aanguke kinyumenyume, kwa sababu kabari ilitoka kama kisu kwenye siagi. Aliigusa ya pili kwa kidole, ikadondoka yenyewe sakafuni. Ya tatu vivyo hivyo. Ya chini tu ndiyo iliyokuwa imeshika kidogo. Aliipima kwa vidole ile ya kwanza. Ilikuwa imenenepa, imeloa, haijasinyaa hata chembe.

"Uliipiga ikashika, doña?"

"Ilishika mpaka mkono ukaniuma. Wiki mbili zilizopita nilizigongelea tena zote."

"Sasa hazishiki." Alirudisha kabari ndani ya ufa, ikacheza huku na huku. Alikuwa amefanya kazi na kuta miaka zaidi ya thelathini na hakuhitaji kompyuta kumwambia. "Ufa umeziacha. Umepanuka wenyewe. Jengo linakwenda, doña, na kasi yake si ndogo."

"Unataka kuniambia ulikuwa hai?"

"Tangu mvua zilipokolea, nadhani. Ulikuwa hai."

"Na mimi nikaupiga."

"Ndiyo."

"Ningekaa kimya tu, nikashona magauni yangu, ungefika mbili."

Fidencio aliichomoa kabari ya chini, akaikusanya na zile nyingine. Barabarani muuza gesi alikuwa anapita, akilivuta neno lake moja refu mpaka kona. Zile milimita sasa zilikuwa zimechanganyika, za bibi na za jengo, na hakuna mashine duniani ambayo ingezitenganisha. Alivirudisha vyombo kabatini kimoja kimoja. Kabari alizifunga kwenye gazeti, akazitia kwenye mkoba wa kamera, akaondoka.

Alikwenda maabara kwa miguu ili apate muda wa kujifunza maneno. Alipofika alikuwa ameyajua kwa moyo, akayasema yote bila kupumua.

"Ni mimi, Injinia. Kabari ni zangu. Nilipogusagusa lipu ya jikoni mwezi wa nne niliziweka zishikilie, nikazisahau. Zimeloa, zimenenepa."

Injinia Quintanar alilifungua gazeti, akaitazama kabari moja, akainusa.

"Mwaloni."

"Ndiyo."

"Tangu nikujue, don Fide, unatumia msonobari."

Injinia aliibonyeza kabari kwa ukucha.

"Zimeloa ndani ya nyumba?"

"Jiko linavuja."

"Na bibi hajui lolote."

"Hajui."

Injinia alimtazama muda mrefu. Mtu mwingine angejitetea, angeongeza neno, na neno hilo lingemwangusha. Fidencio alifanya alichokuwa anafanya maisha yake yote, akatazama viatu vyake, na safari hii ukimya wake ulimfaa.

"Nikiandika hivi," alisema injinia hatimaye, "siwezi tena kukuweka mbele ya ukuta wangu wowote. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Vipimo vinaanza sifuri. Vidoa vipya, mtu mpya, miezi sita mingine. Ofisi haitakubali pungufu." Alichukua kalamu. "Una uhakika, don Fide?"

"Nina uhakika."

Akaandika.

Alhamisi iliyofuata Fidencio alipanda zile ngazi kwa mara ya mwisho, kuchukua bamba lake la chuma. Alikuwa amepoteza kazi aliyoipenda, na bado alipanda akiwa mwepesi. Hakumbuki kama aliwahi kufanya jambo kubwa hivyo kwa ajili ya mtu. Alitaka kumweleza taratibu, lakini doña Otilia alipofungua mlango alikuwa amevaa koti la kutokea na viatu vya ngozi, nywele amezibana vizuri, na kando ya cherehani kulikuwa na mkoba uliofungwa. Meza ilikuwa safi. Magauni yote yalikuwa yameshuka.

"Wanakuja leo?" aliuliza.

"Nani, doña?"

"Wa kunitoa. Ulisema siku tatu, na leo si ni ya saba tangu uchukue kabari?"

"Hawaji," alisema Fidencio, na tabasamu likamponyoka. "Nimelimaliza. Nimemwambia Injinia kabari ni zangu, nilizisahau mimi. Ameandika hivyo. Wewe hukutajwa kabisa."

Bibi alibaki amesimama na koti lake.

"Jina langu liko wapi?"

"Lipo palepale kwenye orodha. Halijaguswa. Atakuja fundi mwingine, atapaka vidoa upya, na mwezi wa tatu mwakani, kwa jinsi ukuta unavyokwenda, utazipita mbili bila shida."

"Mwezi wa tatu."

"Miezi sita tu, doña."

"Na wewe?"

"Mimi wamenitoa."

Bibi alicheka kidogo puani, kicheko kisicho na mtu ndani yake. Akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango. Akavua viatu. Fidencio alipiga magoti kufungua skrubu za bamba, na alipozifungua zote nne bibi alikuwa amekwisha kaa kwenye cherehani, ingawa hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Simu ililia mezani. Ililia, ikakatika, ikalia tena, na hakuishika.

"Basi, doña," alisema Fidencio. "Mungu akulinde."

Alitoka na bamba begani, akashuka akishika ukuta kwa sababu ya magogo, na alikuwa amefika ghorofa ya pili aliposikia mlango unafunguliwa juu. Akainua uso. Doña Otilia alikuwa ameinamia ukingo wa ngazi, peku, mkono mmoja umerudi nyuma umeshika kitasa.

"Fundi!"

"Naam, doña."

"Ungewaambia ni mimi. Saa hizi ningekuwa bustani ya Alameda, nimekaa kwenye benchi, nakula barafu ya ndimu."